Moshi, Mti na Mvinyo

Hakuna mtu aliyepanga moshi na mvinyo vikutane. Moshi ulikuwa nishati ya watu wa hali ya chini. Kwenye visiwa vya magharibi mwa Uskoti miti ni michache na upepo hauna mapumziko, kwa hiyo jiko liliwashwa kwa mboji iliyochimbwa kinamasini, ikaanikwa miezi ya kiangazi na kurundikwa nyuma ya nyumba. Aliyetaka kukausha kimea cha shayiri cha kutengenezea wiski aliwasha hiyo hiyo. Mvinyo ulifika kwa meli. Waingereza waliipenda mno sheri, mvinyo mkali wa Jerez kusini mwa Hispania, na kwa karne kadhaa waliletewa ndani ya mapipa ya mwaloni. Pipa likishamiminwa, kulirudisha Hispania likiwa tupu ilikuwa hasara. Wafanyabiashara wa wiski wakayanunua mapipa hayo kwa bei nafuu na kuyajaza pombe yao mpya. Hesabu ya fedha ndiyo iliyotangulia; ladha iligundulika baadaye.

Siku hizi mambo yanafanywa kwa makusudi, tena kwa gharama kubwa. Islay, kisiwa chenye watu 3,000 na ushee, ndiyo makao makuu ya wiski ya moshi. Bowmore ilianza mwaka 1779, Laphroaig na Ardbeg mwaka 1815, Lagavulin mwaka 1816. Viwanda hivi vitatu vya mwisho vimefuatana kwenye ukanda mmoja wa pwani ya kusini, na mtu mwenye miguu mizima huvipitia vyote kwa mwendo wa saa moja hivi. Ukisoma lebo zao leo utakutana na aina za sheri kama oloroso na Pedro Ximénez, na pengine mvinyo mwekundu. Mnunuzi huambiwa kwamba mvinyo umeletwa kuulainisha moshi na kuutia utamu ili mgeni asishtuke.

Sikubaliani na maelezo hayo. Nionavyo mimi, kinachoufanya moshi uelewane na pipa la mvinyo ni mti wa pipa lenyewe kuliko mvinyo uliolilowesha. Mti ukifanya kazi yake, moshi hauendi popote, hupata wenzake. Mvinyo mtamu ukiachiwa uongoze, kinywaji hugawanyika mdomoni, sukari upande huu na majivu upande ule. Sura hii inaeleza kwa nini, na jinsi ya kulitambua jambo hilo kwa pua na ulimi wako mwenyewe.

Tuanze na mboji. Hii ni mimea iliyokufa bila kuoza sawasawa, kwa kuwa maji yaliyotuama huizuia hewa kuifikia. Hujijenga kwa takriban milimita 1 kwa mwaka, kwa hiyo mchimbaji akishuka mita 1 anachoshika mkononi ni mimea iliyokuwa hai yapata miaka 1,000 iliyopita. Ikitoka chini ni nyeusi, nzito na inateleza. Ikikauka huwa nyepesi, ya kahawia, na ukiivunja unaona nyuzi za mizizi bado zimo. Msomaji wa Burundi au Rwanda hatashangaa, maana huko nako mboji huchimbwa mabondeni na kuchomwa, na Rwanda imejenga hata mitambo ya umeme inayoitumia. Kongo iko juu ya hazina kubwa kuliko zote za ukanda wa tropiki: mwaka 2017 wanasayansi walichapisha ramani ya mboji ya Bonde la Kongo na kukuta kilomita za mraba 145,500, zenye kaboni inayokadiriwa kuwa tani bilioni 30. Ndiyo maana uchimbaji wa mboji popote duniani si jambo la kupuuzwa, na viwanda vya Uskoti vinapoulizwa vinachimba kiasi gani na vinarudisha nini, ni haki viulizwe.

Mboji haifanani kila mahali. Ya Uskoti bara ina mabaki mengi ya miti, na moshi wake hukaribia ule wa kuni. Ya visiwa vya Orkney, inayotumiwa na kiwanda cha Highland Park, imejaa vichaka vifupi vya nyikani na hutoa moshi wenye manukato. Ya Islay imejengeka kando ya bahari, na moshi wake ndio unaowafanya watu waseme wananusa mwani unaoanikwa, lami ya mashua na dawa ya vidonda.

Moshi huingia kwenye wiski kwa mlango mmoja mkuu, nao ni kimea. Shayiri hulowekwa, ikaanza kuchipua, kisha uotaji wake ukakatizwa kwa kuikausha. Viwanda vichache bado vinafanya kazi hiyo vyenyewe, Laphroaig, Bowmore na Kilchoman vikiwemo, ingawa kimea chao kingine hununuliwa. Nafaka mbichi hutandazwa juu ya sakafu yenye matundu, na chini yake, ghorofa nzima, kuna tanuri la mboji. Mwangalizi wa moto hataki miali. Miali ni joto, na joto hukausha mapema. Anachotaka ni moto unaofuka, mzito, wenye moshi wa buluu, kwa hiyo mboji ikianza kuwaka vizuri huimwagia mboji nyingine yenye unyevu. Sababu yake ni rahisi: moshi hunata kwenye ganda la nafaka likiwa bado na majimaji. Ganda likishakauka, moshi hupita ukaenda zake. Springbank, kilichoko Campbeltown kwenye rasi ya Kintyre, hukitia moshi kimea cha wiski yake ya Longrow kwa saa 48, wakati kimea cha Springbank yenyewe hupata saa 6 tu za moshi kabla ya kumaliziwa kwa hewa moto.

Kiasi cha moshi kwenye kimea hupimwa kwa fenoli, sehemu kwa milioni. Lagavulin na Caol Ila, zote za Islay, huwa karibu na 35, Laphroaig hupanda mpaka 40 na zaidi, Ardbeg hufika 50 na kupita. Octomore, inayotengenezwa na kiwanda cha Bruichladdich, iliwahi kutoa toleo lenye 309.1. Namba hizi hupendwa sana na wauzaji, lakini zimepimwa kwenye nafaka. Chupani kuna fenoli chache zaidi, kwa sababu nyingine hubaki kwenye makapi na nyingine hupotea wakati wa kukeneka. Fenoli ni nzito na hutoka mwishoni, hivyo mkenekaji anayewahi kufunga mkondo wa pombe nzuri hupata kinywaji chenye moshi mwepesi, na anayechelewa huubeba moshi mwingi. Ushahidi uko hapo hapo kisiwani. Lagavulin na Caol Ila ni mali ya kampuni moja, na kimea chao hutoka kiwanda kimoja cha Port Ellen kilichofunguliwa mwaka 1973. Hata hivyo ya kwanza ni nzito na yenye mafuta, ya pili ni nyepesi na yenye limau. Tofauti imetoka kwenye umbo la mitambo ya shaba na kwenye uamuzi wa lini kuufunga mkondo.

Sasa tukae kidogo kwenye kemia, kwa maana hapa ndipo hoja yangu ilipo.

Mti na mmea wowote wenye shina gumu una kitu kinachoitwa lignini, kinachozishikamanisha nyuzi zake ziwe imara. Lignini ikichomwa huvunjika, na mojawapo ya vipande vyake ni guayakoli. Guayakoli ndiyo harufu ya moshi wa kuni: ya jiko la mafiga, ya nyama iliyobanikwa. Imo kwenye moshi wa mboji pia. Sasa tazama pipa. Fundi wa mapipa hawezi kukunja mbao za mwaloni bila moto. Huweka makaa katikati ya pipa lisilo na mifuniko na kuuoka ubao wa ndani, wakati mwingine mpaka ukawa mweusi. Lignini ya mwaloni nayo huvunjika, ikatoa vanilini, harufu ile ile ya vanila, na ubao huo huo hutoa yujenoli. Ukiichora vanilini karatasini utakuta ni guayakoli iliyoongezewa tawi moja. Yujenoli hali kadhalika, ila tawi lake ni jingine. Udugu huu ni wa kweli kabisa. Viwanda vya kemikali hutengeneza vanila ya bandia kwa kuanzia na guayakoli.

Na yujenoli ni nini? Ndiyo karafuu. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni yujenoli, na daktari wa meno huitumia kwenye dawa ya kuzibia jino. Mama wa Pemba anayeanika karafuu kwenye jamvi anaijua harufu hii kwa undani kuliko mwonjaji yeyote wa Edinburgh, na akipewa kunusa glasi ya wiski iliyokaa kwenye mwaloni wa Ulaya ataitaja bila kuulizwa mara mbili.

Kwa hiyo moshi, vanila na karafuu ni watoto wa nyumba moja. Moshi ukiingia kwenye pipa lililookwa hukuta jamaa zake wamo. Ndiyo sababu wiski ya moshi iliyokomaa vizuri hainukii kama vitu viwili vilivyochanganywa. Lakini si moshi wote wenye bahati hiyo. Ndani ya moshi wa mboji zimo pia kresoli, zinazoleta lami na harufu ya wodi ya hospitali, na hizi karibu hazina ndugu pipani. Ukali wa kresoli hausuluhishwi na mti. Hupunguzwa na miaka tu, kwa kuwa fenoli hupungua kadiri pombe inavyokaa. Wiski changa yenye kresoli nyingi ikitumbukizwa kwenye pipa tamu kwa miezi sita hutoka ikiwa na sukari juu ya dawa. Nimeonja nyingi za namna hiyo, na huwa nazionea huruma kwa sababu pombe iliyokuwa ndani ilikuwa nzuri.

Kuhusu pipa la sheri lenyewe, watu wengi wana picha isiyo sahihi. Wanadhani ni pipa lililokaa kwenye ghala la Jerez kwa vizazi, likizeeka na mvinyo. Mapipa hayo yapo, yamepangwa safu juu ya safu katika utaratibu wa solera, ambapo mvinyo mchanga huongezwa juu na mzee huchotwa chini. Lakini watengenezaji wa sheri hawayauzi ovyo, na mti wake umekwisha nguvu. Wao hawataki mvinyo wao uwe na ladha ya mbao. Yaliyofika Uskoti zamani yalikuwa mapipa ya safari, yaliyotumika kusafirishia tu. Katika miaka ya 1980 Hispania ilitaka sheri ifungwe kwenye chupa huko huko, na mapipa ya safari yakakauka kama mto. Tangu hapo viwanda vya wiski huagiza mapipa mapya Jerez, yakajazwa sheri, mara nyingi oloroso, kwa mwaka mmoja au miwili ili yalowe, kisha mvinyo ukatolewa na pipa likapelekwa kaskazini. Mvinyo huo aghalabu hauendi mezani kwa mtu. Huishia kuwa siki au kukenekwa. Kwa maneno mengine, pipa la sheri la leo limetengenezwa kwa ajili ya wiski tangu siku ya kwanza. Wapo wanaoliona hilo kama udanganyifu. Mimi naliona kuwa bora kuliko lile la zamani kwa wiski ya moshi, kwa sababu mti wake bado una kitu cha kutoa.

Mti wenyewe ni wa aina mbili. Mwaloni wa Marekani hutoa vanila na nazi. Mwaloni wa Ulaya, mwingi ukitoka Galicia kaskazini magharibi mwa Hispania, hutoa tanini, ule ukavu unaokaza fizi ukinywa chai ya rangi iliyokolea, pamoja na karafuu na rangi ya hudhurungi. Lebo nyingi husema sheri na kukaa kimya kuhusu mti, ilhali mti ndio habari yenyewe. Pipa la kawaida la sheri huchukua lita 500 hivi. La bourbon, wiski ya Marekani, lita 200. Sheria ya Marekani hutaka bourbon ikae kwenye pipa jipya lililochomwa ndani, kwa hiyo baada ya matumizi ya kwanza mapipa hayo huuzwa, na ndiyo yaliyojaza maghala ya Uskoti. Karibu wiski zote za moshi unazozijua zimeanzia humo, hata zile zinazotangaza sheri.

Basi tuonje. Weka kiasi kidogo, mililita 15 au 20, kwenye glasi iliyotuna chini na kubanwa mdomoni. Usitishwe wala kuvutiwa na rangi. Sheria ya Uskoti inaruhusu karameli ya kutia rangi, na pipa la mvinyo mwekundu linaweza kuipaka pombe ya miaka mitano wekundu wa wiski ya ishirini. Iache glasi dakika chache, kisha nusa ukiwa umefungua mdomo kidogo, pua isizame ndani. Mnuso wa kwanza ndio wa thamani kuliko yote kwa wiski ya moshi, kwa kuwa pua huuzoea moshi upesi sana na baada ya muda mfupi huacha kuutaja. Ndipo matunda na vanila huonekana kujitokeza, na mwonjaji akadhani glasi imebadilika, kumbe kilichobadilika ni pua yake. Nusa mkono wako mtupu au kikombe cha maji, pumzika, urudi.

Maji ni muhimu hapa kuliko mahali pengine. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus cha Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, waliiga kwa kompyuta mwenendo wa guayakoli ndani ya mchanganyiko wa maji na kileo. Waliona kwamba kileo kikiwa asilimia 45 au chini yake, guayakoli hukaa karibu na uso wa kinywaji, mahali inapoweza kupaa puani. Kikizidi asilimia 59, kileo huizingira na kuizamisha. Chupa nyingi za wiski ya moshi na sheri huuzwa zikiwa na nguvu ya asilimia 50 na kitu. Anayekataa kutia maji kwa kuona ni kuharibu anajinyima moshi alioulipia. Tia tone moja moja, unuse kila mara. Wataalamu wanaochanganya wiski viwandani hushusha nguvu mpaka asilimia 20 hivi na kufanya sehemu kubwa ya kazi kwa pua tu, bila kumeza.

Kipimo changu kikuu kiko baada ya kumeza. Hesabu pumzi chache, toa hewa kwa pua, kisha jiulize ni nani aliyebaki. Utamu wa mvinyo hutangulia kufika na hutangulia kuondoka. Moshi unapaswa kurudi, na ukirudi uje na kitu mkononi: karafuu, kahawa, ngozi, ganda la chungwa. Ukirudi peke yake, pipa halikufanya kazi. Usiporudi kabisa, pipa limefanya kazi kupita kiasi.

Chukua Lagavulin mbili, ile ya miaka 16 na ile inayoitwa Distillers Edition, zote zikiwa na nguvu ya asilimia 43. Ya pili imemaliziwa kwenye mapipa ya Pedro Ximénez, mvinyo wa zabibu zilizoanikwa juani mpaka zikakunjamana, mtamu na mzito wa kumiminika kama shira. Unapoinusa, tende na zabibu kavu huja mbele kabisa, na kwa pua ya mtu wa pwani ni rahisi kuipenda papo hapo. Ulimini ni mviringo, hakuna kona. Lakini ukirudi kwenye ile ya miaka 16 unakuta chai nyeusi, mwani, chumvi na mkaa uliozimika, kila kimoja kikisimama kivyake, na moshi wake hukaa kooni muda mrefu zaidi. Distillers Edition ni kinywaji kizuri, na ningempa mgeni bila kusita. Ila ukiziweka pamoja unaona bei iliyolipwa kupata utamu ule.

Ardbeg Uigeadail ni habari nyingine. Ilitolewa kwanza mwaka 2003, ikapewa jina la ziwa linalokipa kiwanda maji, na nguvu yake ni asilimia 54.2. Huchanganya wiski iliyokomaa kwenye mapipa ya bourbon na iliyokomaa kwenye mapipa ya sheri. Kiwanda chenyewe kiliponea chupuchupu. Kilifungwa mwaka 1981, kikafunguliwa kwa kusuasua mwaka 1989, kikafungwa tena 1996, na mwaka uliofuata kikanunuliwa na kampuni ya Glenmorangie. Bila ununuzi huo chupa hii isingekuwepo. Bila maji, Uigeadail hunuka lami na viatu vipya, na kileo huchoma pua. Ukitia matone machache inafunguka: nyama iliyokaushwa kwa moshi, kahawa kavu, zabibu, kisha karafuu inayokua badala ya kufifia. Ukimeza, utamu hupita haraka, tanini ikakaza shavu, na moshi ukarudi ukiwa umefuatana na ile karafuu, ukakaa. Hapa mti ndio unaozungumza na moshi, na sheri imekaa pembeni ikisikiliza. Sijaonja mfano ulio wazi zaidi wa ninachokitetea.

Bowmore ya miaka 15 ina njia ya katikati: miaka 12 kwenye bourbon, mitatu ya mwisho kwenye oloroso. Miaka mitatu ni muda wa kutosha mti kusema neno, na kwa kuwa moshi wa Bowmore ni wa wastani, hakuna ugomvi. Kilchoman, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 2005, cha kwanza kipya kisiwani kwa miaka 124, hutoa Loch Gorm iliyokaa kwenye mapipa ya sheri peke yake. Ni changa na ina nguvu, na hapo msomaji atakutana na jambo ninalopaswa kumtahadharisha, nalo ni salfa.

Mapipa matupu ya mvinyo huoza yasipotunzwa, na njia ya kale ni kuchoma kijiti cha salfa ndani. Mabaki yake yakizidi, wiski hunuka kiberiti kilichowashwa sasa hivi, mpira, au kabichi iliyochemshwa mno. Pombe yenyewe nayo huzaliwa na salfa kidogo, ambayo shaba ya mtambo huipunguza. Kwenye wiski isiyo na moshi kasoro hii hujulikana mara moja. Kwenye ya moshi hujificha, kwa kuwa baruti na moshi vinakaribiana. Namna ya kuvitenga ni kusubiri. Moshi wa mboji haubadiliki sana glasi ikikaa nusu saa, ila kiberiti chepesi hupaa na kutoweka. Kama baada ya nusu saa mpira bado upo na unauhisi nyuma ya ulimi, kasoro ni ya pipa na haitaisha. Watu wenye pua nzuri hutofautiana sana katika kuihisi salfa. Wengine haiwasumbui hata ikijaa. Usikubali kuambiwa umekosea kwa sababu jirani yako mezani haisikii.

Mvinyo mwekundu ni mgumu kuliko sheri. Sheri ya oloroso imeshazeeka kwa hewa, imetulia. Mvinyo mwekundu wa Bordeaux au Burgundy umetoka kwenye pipa la lita 225 hivi la mwaloni wa Ufaransa, na humo umeacha tindikali, tanini ya maganda ya zabibu na matunda mabichi. Tindikali ndiyo inayogombana na moshi. Mchanganyiko ukienda vibaya unapata jamu iliyoungua, na wekundu wa kuvutia glasini usiokusaidia kitu.

Kwa muda mrefu niliona mapipa hayo hayafai, mpaka nilipoelewa kazi ya Jim Swan, mkemia wa Uskoti aliyefariki mwaka 2017 baada ya kuvishauri viwanda vingi duniani, Kavalan cha Taiwan kikiwa mojawapo. Njia aliyoieneza ni kulikwangua pipa la mvinyo kwa ndani, kuondoa tabaka lililonyonya mvinyo mwingi, kisha kuuoka ubao uliobaki na kuuchoma upya. Sehemu kubwa ya mvinyo huondoka. Kinachobaki ni mwaloni ulio hai, ulioanza tena kutoa vanilini na yujenoli, na mvinyo kidogo uliozama ndani zaidi. Kilchoman wamemimina pombe yao ya moshi kwenye mapipa ya namna hii na matokeo yana uwiano ambao mapipa yasiyokwanguliwa huufikia kwa nadra. Pipa la mvinyo lililovuliwa mvinyo wake ndilo linalokaa na moshi vizuri zaidi. Kwa hoja ya sura hii sihitaji shahidi mwingine.

Bado lipo pipa lisilokwanguliwa linalonipa shida ya kulikataa, nalo liko Campbeltown. Mji huo ulikuwa na viwanda zaidi ya 20 katika karne ya 19. Vilivyo vikongwe na vinavyofanya kazi leo ni vitatu. Springbank hutoa Longrow Red mara kwa mara, kila toleo likipitia mapipa ya mvinyo mwekundu wa aina tofauti: Cabernet Sauvignon mara hii, Pinot Noir au Malbec mara nyingine. Matoleo yanapishana sana kwa ubora, na mengine ningeyaacha dukani. Yaliyo mazuri huanza na ukwaju na zambarau kavu, chumvi ikapita, na unapodhani mvinyo umeshinda, moshi wa zile saa 48 hupanda kutoka chini, mchafu kidogo, wa karakana na grisi, ukabaki. Tia maji na ukavu wa tanini huongezeka badala ya kupungua, tofauti na Uigeadail. Ionje mwisho, baada ya nyingine zote, ikiwa na matone mawili tu ya maji, ukiwa na kipande cha nyama iliyochomwa karibu, kwa sababu tanini ile hutafuta mafuta ya kukamata.